Maswali ya Wasomaji: Kanuni za Michezo ya Kuigiza Mezani Ziwe Nyingi Kiasi Gani?

SWALI: Ndugu Mhariri, sisi ni kundi la marafiki tunaokutana Jumamosi jioni kucheza michezo ya kuigiza wahusika mezani, ile ambayo kila mchezaji ana mhusika wake, mmoja wetu anaongoza simulizi, na dadu huamua mambo yenye mashaka. Tunatumia toleo la tatu la Dungeons & Dragons, lile lililosahihishwa mwaka 2003. Juzi mhusika mmoja alimnyemelea mlinzi akataka kumkaba asipige kelele, na karibu nusu saa ikaisha tukifunua kurasa. Mwenzetu mmoja anataka tuhamie michezo ambayo kanuni zake zinatosha ukurasa mmoja. Mwingine anasema kwamba bila kanuni kamili mwongozaji atatuburuza apendavyo. Nani kati yao tumsikilize?
Msomaji, Nairobi

JIBU: Ndugu msomaji, mmejikwaa mahali ambapo wachezaji wengi wa toleo hilo wamejikwaa. Kwa kawaida anayetaka kumkaba adui humfungulia adui huyo nafasi ya kumpiga pigo moja la bure, na pigo likimwumiza, jaribio linafia hapo hapo. Akinusurika, hurusha dadu ya pande ishirini kuona kama mkono umemfikia, kisha wote wawili hurusha tena, kila mmoja akijumlisha uzoefu wake wa kupigana, nguvu zake na ukubwa wa mwili wake. Hata akishinda, bado hajamnyamazisha mtu: kuziba mdomo wa mlinzi kunahitaji kwanza kumbana kabisa, na huko ni kushindana kwa dadu mara nyingine. (Mlinzi aliyeshtukizwa hana haki ya lile pigo la bure, kwa hiyo huenda sehemu ya nusu saa yenu ilikwenda bure.)

Toleo la tano la mwaka 2014 lilifupisha safari yote hiyo. Mshikaji anarusha dadu, anayeshikwa anarusha yake, na mwenye jumla kubwa ndiye mshindi. Lakini angalieni kilichopotea njiani: kanuni hiyo fupi haisemi lolote kuhusu kelele. Kanuni ndefu iliwachosha, ila ilikuwa na jibu la swali lenu. Ile fupi ingewapeleka mbio hadi kwa mwongozaji, naye angeamua kwa busara yake. Ndiyo maana siwezi kusema kwa jumla kwamba kanuni nyingi ni bora au kanuni chache ni bora. Swali la kuulizana ni hili: je, kukabana ni jambo linalotokea kila Jumamosi mezani kwenu, au lilitokea mara moja? Kama wahusika wenu ni wezi na wapelelezi wanaoishi kwa kunyemelea walinzi, kanuni ya hatua nyingi italipa gharama yake, kwa sababu mtaizoea na kila hatua itakuwa mahali pa kupangia mbinu. Kama ni wafanyabiashara wa msafara, ifutwe.

Mabishano ya wenzenu yana umri mkubwa kuliko mchezo wenyewe. Dungeons & Dragons, iliyotolewa na Gary Gygax na Dave Arneson mwaka 1974, ilizaliwa kutokana na michezo ya vita ya kuchezwa kwa vinyago, na ukoo wa michezo hiyo unarudi hadi Prussia, dola ya zamani ya Ujerumani, ambako mwaka 1824 ofisa kijana aitwaye Reisswitz alichapisha mchezo wa kufundishia maofisa, wenye ramani, dadu, majedwali ya hasara na mwamuzi. Majedwali hayo yalilalamikiwa kwa kuchelewesha mchezo, na mwaka 1876 ofisa mwingine wa Prussia, Verdy du Vernois, akapendekeza yawekwe kando, mwamuzi aamue mwenyewe. Pendekezo hilo lilikuwa na maana kwa sababu mwamuzi aliyekusudiwa alikuwa askari mwenye uzoefu wa vita, ambaye neno lake lilikuwa na uzito kwa wachezaji. Basi anayeogopa kuburuzwa hana kosa: panapokosekana imani kwa mwamuzi, kanuni iliyoandikwa ndiyo kinga ya mchezaji. Ila kinga hiyo haihitaji kurasa nyingi. Katika Apocalypse World ya Vincent Baker, ya mwaka 2010, mchezaji hurusha dadu mbili za kawaida: jumla ya 10 au zaidi ni ushindi, 7 hadi 9 ni ushindi wenye gharama, na 6 au chini humpa mwongozaji ruhusa ya kuleta balaa. Mipaka hiyo iko wazi kwa wote, na mwongozaji hawezi kuisogeza kimyakimya.

Kuhusu michezo ya ukurasa mmoja, ninaipenda kwa jioni moja. Lasers & Feelings ya John Harper inampa kila mhusika namba moja tu, kati ya 2 na 5, na namba hiyo inabeba ustadi wake wa mitambo na wa watu kwa pamoja; mnaweza kuanza kucheza kabla chai haijapoa. Lakini ninyi mnacheza wiki hadi wiki, na mchezo huo hauna kanuni ya mhusika kukua. Ningewashauri mbaki na kitabu chenu, mkubaliane sura mnazozitumia kweli, na nyingine mzifunge bila kuona haya.

SWALI: Mwongozaji asipoikumbuka kanuni katikati ya pambano, asimamishe mchezo aitafute?
Msomaji, Tanga

JIBU: Aamue papo hapo, atangaze kwamba uamuzi huo ni wa jioni hiyo tu, na kanuni itafutwe baada ya mchezo. Ningeacha nafasi moja tu ya kusimama: pale ambapo uhai wa mhusika unategemea jibu. Mchezaji aliyemlea mhusika kwa miezi ana haki ya kuona maandishi kabla hajamzika.