Jibu: Mbona ndege ndogo ina kelele kushinda kubwa?

Salamu ndugu. Umeuliza kwa nini Caravan, ile ndege ndogo ya Cessna ya injini moja, ikiruka hapa Malindi hutikisa madirisha yako, na kama haifungwi eksozi ya kuzima kelele kama bodaboda.

Nilisaidia mafundi wa ndege ndogo miaka kadhaa. Anza kutazama rafadha, yaani mapanga yanayozunguka mbele, eksozi baadaye. Kelele kubwa hutoka kwenye ncha za mapanga zinapokaribia kasi ya sauti. Caravan ya mapanga matatu hufika mizunguko 1,900 kwa dakika. Dash 8 Q400, ndege kubwa zaidi ya abiria yenye mapanga sita kila injini, hupaa kwa 1,020 tu. Mapanga mengi, mwendo wa pole.

Jeti ni mambo mengine. Mwaka 1952 Mwingereza James Lighthill alionyesha kuwa ukipunguza nusu ya kasi ya hewa inayotoka nyuma, nguvu ya sauti yake hushuka kama mara 256. Ndiyo maana injini za siku hizi zina midomo mipana vile: feni husukuma hewa nyingi taratibu. Na yale meno meno nyuma ya injini za Boeing 787 si urembo (mimi pia nilidhani hivyo), huchanganya hewa inayotoka kwenye injini na hewa ya nje kwa ulaini badala ya kwa ghafla.

Ila kama inayokusumbua ni jeti inayotua, usiilaumu injini peke yake. Magurudumu na flapsi (vibawa vya nyuma ya mbawa) zikishateremshwa, upepo wenyewe hupiga kelele.