Mtu akianguka kifafa, msimfanyie kama kwenye tamthilia

Kama kwenu mnaangalia tamthilia za hospitali kila usiku kama sisi hapa Nkuhungu, Dodoma, naomba mnisikilize kwa hili moja tu. Ile namna wanavyomhudumia mtu wa kifafa kwenye TV, mtu anaanza kutetemeka, manesi wanamrukia wanamkandamiza mikono na miguu, mwingine anahangaika na mdomo, halafu muda si mrefu mgonjwa kakaa anaongea vizuri, msije mkaifanya kwa binadamu. Mwaka 2010 watafiti wa Kanada walipitia vipindi 327 vya tamthilia za Marekani, zikiwemo Grey's Anatomy na House, wakakuta watu wameanguka degedege mara 59 na karibu nusu ya hizo huduma waliyopewa haikuwa sahihi. Na wanaotoa huduma ni madaktari wa kwenye picha, sasa sisi tunaotazama tutajifunza nini.

Mdogo wangu ana kifafa toka utotoni. Kuna siku kaanguka sokoni, nafika nakuta kijana kamkalia miguu, mwingine anamchokonoa na kijiko eti asimeze ulimi, mama mmoja anamnusisha kiatu. Wote nia yao nzuri kabisa, ila ulimi haumezeki jamani, umeshikwa kule chini, kijiko kazi yake ni kuvunja meno na jino likiingia kwenye njia ya hewa hilo ni balaa jingine.

Kwanza ondoa vitu vya hatari, hasa jiko la mkaa na sufuria la moto maana wengi wanaungulia hapo, kunja kanga weka chini ya kichwa, legeza nguo ya shingoni, angalia saa. Usimbane, usimwekee kitu chochote mdomoni. Akitulia mgeuze alalie ubavu mate yatoke, na usimpe maji mpaka azinduke sawasawa. Povu haliambukizi, usiogope kumgusa. Mara nyingi inaisha yenyewe ndani ya dakika chache. Ikipita dakika 5, au akarudia kabla hajapata fahamu, au ni mjamzito, au ndo mara yake ya kwanza, ita bajaji mkimbize hospitali.

Halafu kile wasichoonyesha ni baada ya hapo. Anazinduka kachoka, hajui yuko wapi, pengine kajikojolea, na watu wamemzunguka wanarekodi na simu, yani hili linamuumiza mdogo wangu kuliko kuanguka kwenyewe. Mfunike kitenge, wafukuze hao watu, kaa naye.

Kuhusu dawa, huku kwetu wengi wanahudumiwa kliniki za afya ya akili, na Dodoma ukitaja Mirembe tu, ile hospitali ya magonjwa ya akili, watu wanakutazama vibaya, basi mtu anaona aibu anaacha vidonge. Usiache ghafla, kifafa kinaweza kurudi kwa nguvu mno.

Mi nimemwandikia mdogo wangu kikaratasi anatembea nacho kwenye waleti, kina jina la dawa, namba yangu ya simu na maneno "nigeuzeni ubavu, msiniwekee kitu mdomoni". Mwalimu wake naye nimempa kama hicho.