Marigoldi imerefuka, maua machache: nikate ncha au nipulize homoni?

Swali: Nipo Arusha. Nalima marigoldi ndefu ya rangi ya chungwa kwa ajili ya wateja wa Diwali wanaotunga mashada. Tangu nihamishie miche shambani ni mwezi sasa. Imerefuka, lakini kila mche una kitumba kimoja tu kileleni na matawi ya kuhesabu. Duka la pembejeo wamenishauri nipulize homoni. Ninunue?

Jibu: Ndugu msomaji, kata ncha kwanza. Homoni, kama utaitaka, itafuata.

Ncha ya mche hutengeneza auksini, homoni inayoteremka kwenye shina na kuyazuia machipukizi ya kwenye makwapa ya majani. Ukiiondoa, machipukizi hayo huamka, na kila moja huwa tawi lenye vitumba vyake. Mwagilia leo, kesho asubuhi pita mstari kwa mstari. Shika sentimita 2 au 3 za juu, kitumba kikiwemo, uvunje kwa kucha juu kidogo ya jozi ya majani yenye afya. Najua inauma kulitupa ua la kwanza, ila hilo moja ndilo linalokuzuilia mengi. Usishuke hadi kwenye shina gumu, na usirudie. Kama una mistari ya marigoldi fupi ya Kifaransa, iache. Hiyo hutoa matawi yenyewe.

Sasa piga hesabu ya tarehe. Diwali hufuata mwezi mwandamo, hivyo huangukia Oktoba au Novemba, na kukata ncha huchelewesha maua kwa takriban wiki 2. Zikiwa zimebaki chini ya wiki 6, usikate kabisa, vuna ulichonacho. Maua ya matawini huwa madogo kidogo, lakini mtunga mashada anataka wingi.

Homoni inayofaa hapa ni jiberelini, yaani GA3. Ipulizie machipukizi mapya yakishaonekana, jioni jua likipoa, kwa miligramu 100 kwa kila lita ya maji. Bomba la lita 20 linahitaji gramu 2 za GA3 halisi, kwa hiyo soma lebo: unga wenye asilimia 10 utapima gramu 20. Ule usio na mchanganyiko hauyeyuki vizuri kwenye maji, uyeyushe kwanza kwa spiriti kidogo. Usizidishe dozi kwa tamaa, maana jiberelini ikizidi mche hurefuka, shina huwa jembamba na kulala. Wako tayari umerefuka, ndiyo maana sikushauri uanze nayo. Acha pia mstari mmoja bila kupulizia, uone kama pesa yako imefanya kazi.

Tena, punguza urea. Naitrojeni nyingi huleta majani, na hakuna homoni itakayolirekebisha hilo.

Maua yakianza kufunguka, chuma yaliyokomaa kila baada ya siku chache, asubuhi na mapema. Ua likiachwa hadi litoe mbegu, mche hupunguza kutoa mengine.