Maswali ya Wasomaji: Revolva ya Nne Iwe Ipi?

SWALI: Ndugu Mhariri, ninamiliki kihalali revolva tatu (bastola ambazo risasi zake hukaa katika silinda inayozunguka), ambazo ni nakala ya kisasa ya Colt Single Action Army, Smith & Wesson Model 10 na Ruger GP100. Nimeweka akiba ya kununua moja zaidi, na baada ya hapo sitaweza kuongeza nyingine kwa muda mrefu. Zimebaki tatu za kuchagua: Colt Python, Webley Mark VI na Nagant ya mwaka 1895. Moyo wangu unaelekea Python kwa sababu ya uzuri wake. Je, nitakuwa nimechagua vyema?

JIBU: Ndugu msomaji, Python inastahili sifa unazoipa. Tangu ilipotoka mwaka 1955 imependwa kwa jinsi chuma chake kinavyong'arishwa na kwa ulaini wa kifyatulio chake, na anayeishika kwa mara ya kwanza huona mara moja kwa nini watu huitamani. Hata hivyo ningekushauri usiinunue sasa, na sababu ya ushauri huo inatokana na zile tatu ulizo nazo, wala si kasoro ya Python yenyewe. Model 10 na GP100 zote zina silinda inayofunguka kwa pembeni. Python hufunguka vivyo hivyo, tena hutumia risasi za .357 Magnum zilezile za GP100 yako. Ukiinunua, utakuwa na revolva nne zinazoonyesha njia mbili tu za kupakia risasi.

Naitaja njia ya kupakia kwa makusudi, kwa sababu naamini hapo ndipo historia ya revolva inaposomeka vizuri zaidi. Mafundi walihangaika kwa miongo mingi na swali moja: mtu aliyemaliza risasi atatoaje maganda na kuweka risasi nyingine bila kupoteza muda? Colt ya mwaka 1873, ambayo unayo nakala yake, hulazimisha kila ganda lisukumwe peke yake kwa kijiti, kupitia kilango kidogo cha ubavuni. Model 10, ambayo ukoo wake ulianza mwaka 1899, huyatoa yote kwa msukumo mmoja baada ya silinda kuvutwa pembeni. Ipo pia njia ya tatu, ambayo Smith & Wesson waliitumia katika Model 3 ya mwaka 1870 na ambayo Waingereza waliing'ang'ania hata baada ya wengi kuiacha, nayo ni ya kuigawa fremu sehemu mbili zinazounganishwa kwa bawaba. Njia hiyo huna, na kwa sababu hiyo nakushauri uchukue Webley.

Mark VI ilipokewa na jeshi la Uingereza mwaka 1915, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza, ikiwa na mtutu wa inchi 6 na risasi za .455. Bonyeza kwa kidole gumba komeo lililo upande wa kushoto karibu na nyundo, kisha inamisha mtutu: nyota iliyo katikati ya silinda itainuka yenyewe, itayasukuma maganda yote sita nje kwa pamoja, na mtutu ukifika mwisho itarudi mahali pake ghafla. Fanya hivyo taratibu mara kadhaa, silinda ikiwa tupu, nawe utaelewa ufundi wake kuliko maelezo yoyote yatakavyoweza kukueleza.

Kabla ya kulipa, chunguza kwanza sehemu ya nyuma ya silinda. Webley nyingi zilizouzwa Marekani baada ya kustaafishwa jeshini zilipunguzwa chuma mahali hapo ili zikubali risasi za .45 ACP zinazoshikiliwa na vibanio vyembamba vya chuma. Silaha iliyokatwa hivyo imepoteza uhalisi wake, na thamani yake kwa mkusanyaji hushuka. Kubwa zaidi ni hatari yake, kwa kuwa shinikizo la kawaida la .45 ACP ni kubwa kuliko lile ambalo Webley iliundwa kulistahimili, hata kama muuzaji atakuapia kwamba yeye ameitumia kwa miaka bila tatizo. Ikiwa imekatwa, iache.

Baada ya hapo vuta nyundo polepole na usikilize: silinda inapaswa kufungwa imara nyundo inapofika mwisho, na isitikisike sana ukiigusa. Shika mtutu kwa mkono mmoja na mpini kwa mwingine, ujaribu kuona kama bawaba imelegea. Linganisha namba ya silinda na ile ya fremu. Hakikisha pia kwamba leseni yako inaruhusu silaha ya kipenyo hicho na kwamba muuzaji ana kibali.

Kuhusu Nagant, ningeiweka ya tano. Mbelgiji Léon Nagant aliibuni kwa namna ya ajabu: nyundo ikivutwa, silinda husogea mbele na mdomo wa ganda huingia mtutuni, hivyo ile nafasi kati ya silinda na mtutu, ambayo katika revolva za kawaida hupitisha gesi, huzibwa. Hubeba risasi saba. Lakini upakiaji wake ni wa kilango, mojamoja kama Colt yako, na nyingi zilizoko sokoni zilifanyiwa matengenezo na kupakwa rangi upya katika karakana za jeshi la Kisovieti, kwa hiyo kupata iliyobaki kama ilivyotoka kiwandani kunahitaji subira.

SWALI: Nimeonyeshwa Smith & Wesson Military & Police mbili za zamani kwa bei moja. Ya kwanza inang'aa kabisa, ya pili rangi yake ya buluu imefifia kwenye kingo na mdomoni mwa mtutu. Nichukue ipi?

JIBU: Ikiwa zote mbili ni nzima kiufundi, chukua ya pili. Kufifia kwenye kingo na mdomoni ni alama ya kawaida ya kuingizwa na kutolewa katika ala, na hakuhitaji kuponywa. Ile inayong'aa itazame chini ya mwanga wa ubavuni: herufi za kiwanda zikiwa zimelainika, kingo zikiwa zimeviringika na matundu ya skrubu yakiwa yamebonyea pembezoni, basi ilisuguliwa kabla ya kupakwa upya, na chuma kilichosuguliwa hakirudi. Ikiwa herufi ni kali na kingo zimesimama, muulize muuzaji juu ya historia yake, kwani huenda kweli ilitunzwa tu bila kutumika. Hapo nitakuunga mkono ukichagua hiyo.