Mashine ya nje ya kiyoyozi inatikisa ukuta

SWALI: Ndugu Mshauri, mwezi uliopita nilifungiwa kiyoyozi cha BTU 12,000 hapa nyumbani Tanga. Mashine ya nje imetundikwa kwenye ukuta wa matofali ya inchi 6, mgongo wake ukiwa karibu kugusa lipu. Usiku ikiwaka, kitanda kinatetema, na sasa lipu imepasuka kuzunguka bolti za juu. Fundi anasema itatulia yenyewe. Je, nisubiri?

JIBU: Dada yangu, usisubiri. Kizime leo, na watoto wasicheze chini yake. Mashine ya ukubwa huo kwa kawaida ina uzito wa kilo 25 hadi 35, na kwa kuwa kompresa na feni hutetema muda wote zinapofanya kazi, bolti iliyoanza kulegea huzidi kulegea. Ufa umeanzia juu kwa sababu bolti za juu ndizo zinazovutwa nje, ilhali sehemu ya chini ya mabano, yaani vyuma vinavyoibeba mashine, hukandamiza ukuta.

Tofali la mchanga na saruji, hasa lililofyatuliwa kwa saruji haba, halishiki vizuri bolti ya kutanuka, maana fundi akiikaza hulivunja tundu kwa ndani, na kinachobaki kuishikilia ni lipu. Mabano yafungwe kwenye lenta au nguzo ya zege. Pasipo zege, bolti ipenye ukuta mzima na ikazwe upande wa ndani juu ya bamba la chuma. Kama nyumba yako ni ya chini, mimi ningeiteremsha kabisa na kuikalisha kwenye jukwaa dogo la zege, lililoinuka kupita maji ya mvua yanapofika, juu ya vipande vya mpira mzito. Mtetemo utaishia ardhini, na fundi wa kuisafisha hatahitaji ngazi.

Popote itakapokaa, ipate hewa. Huvuta hewa kwa nyuma na kupuliza joto kwa mbele, kwa hiyo mgongo unaokaribia kugusa ukuta huifanya ihangaike na kula umeme. Umbali kamili umeandikwa kwenye kijitabu chake. Kama kimepotea, iachie angalau sentimita 30 nyuma, na mbele pawe wazi kabisa. Ukijenga wavu wa kuzuia wezi, matundu yake yawe makubwa.

Wakati wa kuihamisha, gesi ikusanywe kwanza ndani ya mashine badala ya kuachiwa hewani, na baada ya kuunganisha upya, mabomba yanyonywe hewa kwa pampu. Kwa chumvi ya bahari ya Tanga, nunua bolti za chuma kisichoshika kutu, hata kama ni ghali.

Fundi akimaliza, ingia chumbani, weka kiganja ukutani kompresa ikiwaka. Ukihisi mtetemo ule ule, usimlipe salio mpaka aurekebishe.