Kwa mwanafunzi mpya wa uigizaji: pumzi, mkia wa neno na penseli

Wiki za kwanza chuoni hutapewa mhusika. Utalala chali sakafuni, magoti juu, kitabu tumboni, uambiwe upumue. Usidharau zoezi hilo. Vuta hewa kwa pua mpaka kitabu kiinuke na mbavu zitanuke. Mabega yakipanda, umejaza kifua cha juu tu, na pumzi hiyo haikufikishi mwisho wa sentensi. Itoe kwa "sss" nyembamba isiyotetereka: anza na sekunde 15, ukizoea lenga 25 hadi 30.

Asiyekuwa na pumzi hulazimisha koo. Sauti ikikauka, huanza kunong'ona akidhani anaipumzisha, kumbe kunong'ona kunaweza kuibana zaidi. Nyamaza kabisa, kunywa maji, na ikipita wiki mbili bila nafuu mwone daktari wa koo.

Kiswahili nacho kina mtego wake. Maana kubwa hukaa mwishoni mwa kitenzi, pale pale pumzi inapoishia. Sema "amepigwa" huku ukimeza mkia, na aliyekaa nyuma atasikia "amepiga". Tangu hapo hajui nani mkosaji. "Ameua" na "ameuawa" ni vivyo hivyo. Mwombe mwenzako akae safu ya mwisho, akupe mgongo, arudie kila sentensi unayotamka. Anapokosea, hapo ndipo ulipomeza.

Ngoma msiikwepe. Bagamoyo, ambako chuo cha sanaa kilianza mwaka 1981, maigizo, ngoma na muziki hufundishwa chini ya paa moja, na tunaona ni sahihi: mwili usiojua mdundo huchelewa hata kugeuka jukwaani. Na kumbuka, upande wa kulia wa jukwaa ni mkono wako wa kulia wewe unayetazama hadhira.

Tamthilia isome yote mara tatu kabla ya kukariri chochote, hata kama una maneno manne tu. Halafu shika penseli, si kalamu ya wino, maana mwongozaji atabadilisha mengi. Kando ya kila kauli andika kitenzi cha unachomfanyia mwenzako: kumbembeleza, kumtega, kumfukuza. Usiandike "huzuni", huzuni haitendeki, na anayeitafuta huishia kukunja uso. Msingi wa kazi hii tumeupata kwa Stanislavski, mwongozaji Mrusi aliyeshiriki kuanzisha Ukumbi wa Sanaa wa Moscow mwaka 1898.

Kukariri ndiko kunakoharibu wengi. Wanakariri maneno pamoja na lafudhi waliyojipangia chumbani, kisha mwenzao akibadili namna ya kusema, wao wanajibu kauli ya jana. Kariri bila hisia yoyote, ukifagia au ukiosha vyombo, mpaka maneno yatoke yenyewe. Wala usingoje neno la mwisho la mwenzako ndipo uanze kufikiri. Sababu ya wewe kujibu mara nyingi imo katikati ya kauli yake. Itafute hapo, uipigie mstari, na pumzi yako uivute unapoisikia.