Maswali na Majibu: "Wort" ni mmea au ni bia?

Nimeanza kazi kwenye kiwanda cha bia. Mafundi hulitaja neno "wort" kutwa, lakini kamusi yangu ya Kiingereza inasema ni mmea. Nani amekosea?

Hakuna aliyekosea, ndugu yangu. Katika Kiingereza cha kale, "wyrt" lilikuwa mmea, hasa wa dawa au wa kuliwa, na pia mzizi. Wajerumani wana "Wurz", na kutoka humo "Würze", yaani kiungo cha chakula. Na mpishi wa bia wa Kijerumani naye huita "Würze" kile mafundi wako wanachokiita "wort". Maneno haya ni ya ukoo mmoja.

Kitu chenyewe unakijua kama umewahi kuona togwa ikitengenezwa. Uji mzito unaosimamisha mwiko ukitiwa kimea cha ulezi, baada ya muda unalegea, unakuwa mwepesi na mtamu bila kutiwa chembe ya sukari. Kimea ndicho kimevunja wanga kuwa sukari. Kiwandani hutumika kimea cha shayiri katika maji ya nyuzi kama 65, kisha machicha huchujwa. Yale maji matamu yaliyobaki, kabla ya hamira, ndiyo "wort".

Je, ni lile lile la chunjua za mikononi?

Hapana. Hilo ni "wart", kutoka "wearte" la kale. Yamefanana sauti tu.

Kwa nini majina mengi ya mimea ya Kiingereza huishia na "wort"?

Kwa sababu waliyataja matumizi, kama sisi tulivyouita mwarobaini kwa maradhi arobaini. "Soapwort" ni mmea wa sabuni, na kweli ukiusugua majini unatoa povu. "Lungwort" ni wa mapafu: majani yake yana madoa, watu wakaona yanafanana na pafu, wakaamini yatalitibu. Hapo walikosea. "Mugwort" ilitiwa hata kwenye pombe, kabla maua ya hopsi, yanayotia bia uchungu, hayajaenea Uingereza katika karne ya 15.

Dada yangu aliye Ulaya anakunywa vidonge vya "St John's wort" kwa huzuni. Vina madhara?

Mmea huo umepewa jina la Yohana Mbatizaji kwa kuwa huchanua karibu na sikukuu yake, 24 Juni. Lakini mwambie dada leo hii amweleze daktari wake dawa zote anazotumia. Mmea huu hupunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango, vya kuzuia damu kuganda, na baadhi ya dawa za kufubaza VVU. Asidhani ni salama kwa sababu ni majani.

Kwa Kiswahili tuiiteje hiyo ya kiwandani?

Togwa haifai, maana togwa huachwa ichachuke kidogo na hunywewa pamoja na unga wake. Mimi nasema "maji ya kimea". Mfanyakazi mpya ataelewa siku ya kwanza.